Uzito Unaoruhusiwa

Miaka thelathini na minne nimepima unga
katika jiko la shule, hapa Härnösand,
kwa hiyo usiniambie kitu ni "kama tani moja hivi."
"Hivi" si kipimo.

Torsten alilitaka kubwa.
Lenye ekseli mbili, kitanda cha kuzungukwa,
choo chenye mlango unaofungika,
na dirisha la mbele pana kama la duka la viatu.
Jirani zetu wanalo, alisema.
Jirani zetu, nikasema, wana lori.

Tulianza na la Ronny, kule Timrå.
Lilikuwa limeoshwa asubuhi ile, bado linadondosha maji,
mapazia yananukia sabuni ya limau.
Nikabonyeza ukuta chini ya dirisha kwa kidole gumba:
ukabonyea, kama mkate ambao haujaiva.
"Unyevu kidogo tu," alisema Ronny.
Juma lile alipiga simu mara nne.
Kizuri chajiuza.

La pili lilikuwa zima, ila matairi yake
yalikuwa na umri wa mjukuu wetu Elvira,
na Elvira anaota meno ya pili.

La tatu tulilikuta Kramfors, nyuma ya zizi,
mtumba wa mama mmoja, Solbritt,
aliyeacha safari tangu magoti yalipomkataa.
Mita saba na kitu. Kavu kila pembe.
Hakusema mengi. Alitupa ufunguo, akarudi kwa kuku wake.
Nikapiga magoti matopeni nisome kibati:
tupu, elfu moja mia tano na arobaini;
mwisho, elfu moja mia saba na hamsini.
Nikatoa kadi ya gari: linaruhusiwa kuvuta elfu moja na mia nane.
Torsten akatabasamu hadi masikioni.
Nikatoa leseni yake. Nikatoa yangu.
Gari na tela, ukijumlisha ya kwenye kadi zote mbili,
leseni zetu zilikomea tani tatu na nusu.
Sisi tungekuwa tatu na kilo mia tisa.

"Nani atatusimamisha?"
Hapo ndipo penyewe, Torsten. Hakuna.
Mteremko wa Docksta hauhongeki.

Basi nikaenda shule ya udereva, miaka sitini na tatu,
kati ya watoto wenye chunusi.
Kurudi nyuma na tela ni kuandika ukitazama kioo:
ukitaka kulia, mkono uanze kushoto.
Januari niliangusha koni tisa. Februari, mbili.
Machi yule mtahini, Görel, mwanamke asiyecheka,
akaandika kitu kirefu, kisha akanipa mkono.
Torsten hakufanya mtihani.
Siku hizi hukaa upande wa abiria, akimenya mayai.

Likabaki jambo ambalo wengi hulisahau:
nyumba huongezeka uzito mtu akihamia.
Kilo mia mbili na kumi, utadhani ni nyingi,
mpaka uweke hema la mbele, mitungi miwili ya gesi,
betri, maji, mablanketi, samaki wa kopo.
Haba na haba hujaza kibaba,
na kibaba, ndugu yangu, huvunja ekseli.
Nilipima vyote, kimoja kimoja.
Sufuria ya chuma ya mama ilibaki.
Kodiani ya Torsten nayo ikabaki
ukumbini, ndani ya sanduku lake. Hakulalamika.
Afadhali angelalamika.

Machimbo ya kokoto yana mizani ya malori.
Kijana wa zamu alitutoza kroni hamsini.
Tukalifungua tela, likasimama peke yake juu ya chuma
kama ng'ombe kwa daktari.
Elfu moja mia saba thelathini na nane.
Nikasoma tena.
Zilibaki kilo kumi na mbili.

Torsten alikuwa anatazama kokoto.
Kodiani ina kilo kumi na moja na nusu;
nilishaipima, usiku, yeye amelala.

Nikageuza kuelekea nyumbani.
Ile nusu iliyosalia
ni pakiti ya kahawa, na ni yangu.